Kostiki Soda Si Maji

Je, umewahi kufua kwa majani ya mpapai? Wazee wetu wanakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni iliadimika nchini. Siku hizi sabuni ipo dukani. Hata hivyo, wapo watu wa Bukoba na Muleba wanaotengeneza ya kwao, kwa mawese na kostiki soda. Kazi hii ni nzuri, lakini ina hatari yake.

Kostiki soda ni dawa kali, nyeupe, ya chenga au vipande vyembamba. Huunguza ngozi, macho na koo. Ukiichanganya na maji, mchanganyiko huo hauna rangi wala harufu. Mtoto mwenye kiu akiukuta katika chupa ya soda, ataona ni maji. Funda moja linaweza kuunguza njia ya chakula. Kidonda kikipona, njia hiyo huweza kubaki nyembamba sana, na mtoto akashindwa kumeza hata ndizi zilizopondwa.

Changanya nje, watoto wakiwa mbali. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika miguu. Pima maji lita 3 katika ndoo ngumu ya plastiki. Kisha mimina kostiki kilo 1 polepole ndani ya maji, huku ukikoroga kwa mti. Usimimine maji juu ya kostiki! Itachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, ndoo itapata moto na kutoa mvuke. Kwa hiyo simama upande upepo unakotoka. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu dawa huila na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Mchanganyiko upoe ukiwa umefunikwa, na wewe ukae karibu. Unatosha mawese kilo 7 na nusu.

Ni afadhali kuchanganya kiasi cha kutumia tu. Kikibaki, kitie katika dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Chupa ya kioo haifai, maana dawa hii hula kioo polepole. Usitumie kamwe chupa ya soda, wala dumu la lubisi. Watu husema, "Ni kwa usiku mmoja tu." Usiku mmoja unatosha kuleta msiba.

Kostiki kavu nayo ifungwe vizuri. Kwetu mvua ni nyingi. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Kostiki iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa hewa, ikalowa, kisha ikafanya ganda jeupe. Ganda hilo ni magadi tu, na sabuni yako haitashika.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Andika kwa herufi kubwa: SUMU. KOSTIKI SODA. USINYWE. Chora na fuvu la kichwa, kwa ajili ya jirani ambaye hajajifunza kusoma. Bandika karatasi hiyo kwenye dumu. Lakini mtoto wa miaka 2 haelewi herufi wala fuvu. Kwa hiyo dumu likae ndani ya sanduku lenye kufuli, si chini ya kitanda.

Ikimmwagikia mtu, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi kwa nusu saa. Macho pia yaoshwe hivyo hivyo. Usimpake limau, siki wala mafuta. Aliyekunywa usimtapishe, maana dawa ikirudi huunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo kwa maji, na usimlazimishe kunywa maziwa. Mpeleke upesi hospitali iliyo karibu: Bukoba mjini, Rubya, Ndolage au Kagondo. Mkazi wa Bumbire au Goziba atasafiri kwanza kwa boti, basi huko hasa msiweke mabaki. Na unapoondoka na mgonjwa, bandua ile karatasi kwenye dumu uende nayo, ili daktari aisome.