Nani Aanze Mbele? Ubishi wa Namba Tisa ya Simba

Katika kupanga kikosi cha kwanza, hakuna nafasi inayozua ubishi kama ya mshambuliaji wa kati, ambayo mashabiki huiita namba tisa. Akikosa bao la wazi mara moja tu, jukwaa huanza kulitaja jina la aliyekaa benchi. Simba ya Dar es Salaam iliupitia ubishi huo kati ya 2018 na 2021, ilipokuwa na wafungaji kadhaa ambao kila mmoja alistahili kuanza.

Msimu wa 2017/18, Emmanuel Okwi wa Uganda aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mabao 20. Pembeni yake alikuwepo John Bocco, aliyetoka Azam FC mwaka 2017. Mwaka 2018 akaongezeka Meddie Kagere, mchezaji wa timu ya taifa ya Rwanda, kutoka Gor Mahia ya Kenya. Kocha Mbelgiji Patrick Aussems mara nyingi aliwapanga wote watatu pamoja, na hapo ubishi ulitulia. Kagere alimaliza msimu wa 2018/19 na mabao 23 ya ligi, na Februari 2019 bao lake liliipa Simba ushindi wa 1-0 dhidi ya Al Ahly ya Misri.

Ubishi ulikolea nafasi ilipobaki moja. Okwi aliondoka 2019. Makocha waliofuata, Sven Vandenbroeck na kisha Didier Gomes, walitegemea zaidi mfumo wa mshambuliaji mmoja mbele ya viungo washambuliaji watatu. Kagere, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi 2018/19, aliongoza tena orodha ya wafungaji kwa mabao 22 msimu wa 2019/20, lakini mwaka 2020 akasajiliwa Chris Mugalu wa Kongo, na Bocco, nahodha, bado alikuwepo.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Waliomtaka Kagere walitaja wepesi wake wa kumalizia ndani ya eneo la hatari. Waliomtaka Bocco walisema kimo chake kinamwezesha kupokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, akaushika mpaka viungo washambuliaji kama Clatous Chama na Luis Miquissone wafike. Waliomtaka Mugalu walikumbusha penalti yake ya Februari 2021 iliyoiangusha klabu ya AS Vita 1-0 mjini Kinshasa.

Hesabu ya mabao peke yake haikuweza kuwaamua. Msimu wa 2020/21 Bocco alifunga 16 na kuwa mfungaji bora, Mugalu akafunga 15. Kipimo cha haki zaidi ni dakika: mwenye mabao 10 katika dakika 900 hufunga kila baada ya dakika 90, ilhali mwenye 12 katika dakika 1,800 hufunga kila baada ya 150. Penalti nazo huhesabiwa kando, kwa kuwa ni wachache wanaopewa jukumu la kuzipiga. Hata hivyo, pasi aliyoiachia winga na beki aliyemvuta pembeni haviingii katika jedwali la wafungaji.

Kwa hiyo kocha huanza na mpinzani. Timu inayojazana nyuma humhitaji mtu wa kugombea krosi. Inayopanda juu huacha uwazi kwa mwenye mbio. Kwa mfano, Mei 2021 Simba ilifungwa 4-0 na Kaizer Chiefs huko Afrika Kusini katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika marudiano Dar es Salaam ililazimika kushambulia tangu mwanzo. Bocco alifunga mawili, Chama moja, na Simba ikashinda 3-0, ikatolewa kwa tofauti ya bao moja.

Hata asiyeanza ana kazi yake: tangu 2020, sheria za soka zimeruhusu mabadiliko ya wachezaji watano, ruhusa iliyofanywa ya kudumu 2022. Anayeanza hupewa kazi ya kuwachosha mabeki, na anayetokea benchi huwakuta wakiwa wamechoka. Mchezo huhitaji kazi zote mbili, na kocha huchagua nani anaifaa ipi kwa mechi iliyo mbele yake.