Je, Wajua? Gofu ya Visahani Kwenye Pori la Misima

Je, wajua kwamba kuna gofu isiyo na fimbo wala mpira, ambayo miti haiiharibu bali ndiyo inayoinogesha? Mchezaji huja na begi la visahani vya plastiki. Husimama mahali pa kuanzia, hurusha, hukifuata kisahani kilipoangukia, hurusha tena kutoka hapo hapo, mpaka kitue kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mirusho huhesabiwa kama mapigo ya gofu: mwenye michache ndiye mshindi. Raundi kamili kwa kawaida ina vikapu 18, na kila kikapu kimepangiwa idadi ya mirusho inayotarajiwa, mara nyingi mitatu.

Nauleta mchezo huu kwa ajili ya Misima, kata ya wilaya ya Handeni mkoani Tanga. Anayesafiri kati ya Korogwe na Handeni, kwenye ile barabara ya kilomita 65, anaijua ardhi ya upande huu: vilima, mashamba ya mahindi, ng'ombe wakivuka, kisha vipande vya pori lenye miti mikubwa ambavyo kila mwaka vinazidi kuwa vidogo. Mwenye ekari ishirini za pori hapa hushauriwa mambo mawili tu, afyeke alime au akate achome mkaa. Gofu ya visahani ni jambo la tatu. Naamini linastahili kujulikana Handeni mapema kuliko mijini, kwa sababu huku ndiko bado kuna miti.

Je, wajua tofauti ya ardhi na maji kati ya gofu hizi mbili? Uwanja wa gofu ya mpira wenye mashimo 18 hula hekta hamsini au zaidi, yaani ekari zaidi ya mia moja na ishirini, na nyasi zake zinataka kukatwa na kumwagiliwa mwaka mzima. Ndiyo maana viwanja vya Tanzania viko kwenye maji na mitaji: TPC ndani ya shamba la miwa kusini mwa Moshi, Kili Golf huko Usa River, na gymkhana za miji mikubwa. Uwanja wa visahani huhitaji takriban ekari moja kwa kila kikapu, na haunyweshwi. Kisahani hupita hewani, hakijali chini yake kuna majani makavu, mawe au kichuguu. Kwa wilaya inayojua ukame kama Handeni, naona hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Tena, baadhi ya viwanja vinavyopendwa sana duniani ni mali ya watu binafsi, viko mashambani, mbali na mji. Maple Hill, katika mji mdogo wa Leicester jimboni Massachusetts, Marekani, uko ndani ya shamba la miti ya Krismasi, na wachezaji wa kulipwa hukutana hapo kwa mashindano makubwa kati ya safu za misonobari. Flip City, huko Shelby jimboni Michigan, una vikapu 24 kwenye vilima vya mchanga visivyo mbali na Ziwa Michigan, na umekuwapo tangu mwaka 1980. Viwanja vingi vya umma huko huchezwa bure. Kwenye vya binafsi mgeni huarifu kwanza kwamba anakuja, au hukuta sanduku getini akaweka chochote kidogo. Anachopata ni kitu adimu kwenye uwanja wa umma: hakuna foleni nyuma yake, hakuna wapita njia wa kusubiri, na anaweza kurudia mrusho mmoja mara kumi mpaka mkono uelewe.

Asili ya kisahani chenyewe ni jikoni. Mwaka 1938 kijana Fred Morrison na mchumba wake walikuwa wakirushiana bati la kuokea keki kwenye ufukwe wa California, mpita njia akataka kulinunua kwa senti 25. Dukani bati lile lilikuwa senti 5. Morrison aliona biashara, na baada ya vita aliihamishia kwenye plastiki. Mwaka 1955 alitengeneza kisahani alichokiita Pluto Platter, na Januari 1957 haki zake zikachukuliwa na kampuni ya Wham-O, iliyokipa jina la Frisbee ambalo dunia nzima inalijua. Watoto walikuwa wamewatangulia wote hao. Mwaka 1926 huko Bladworth, kijiji cha nyanda za Kanada, wanafunzi walitupa vifuniko vya makopo kwenye miduara waliyoichora ardhini na kuhesabu mirusho kama wacheza gofu.

Aliyeupa mchezo umbo la leo ni Ed Headrick, mfanyakazi wa Wham-O. Kwanza aliboresha kisahani kwa kukiwekea mistari myembamba juu, ili kisiyumbe hewani. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulianza katika bustani ya Oak Grove, California, na shabaha zake zilikuwa nguzo tu. Ubishi ukawa hauishi: kisahani kimegusa, hakikugusa? Headrick akabuni kikapu chenye minyororo. Mnyororo hulegea kisahani kinapoupiga, hukinyonya mwendo, kisha hukiachia kishuke kikapuni, na mlio wake unamaliza ubishi kwa wote waliosimama karibu. Mwaka 1976 alianzisha chama cha PDGA ambacho hadi leo ndicho kinachoandika kanuni, naye akawa mwanachama namba moja. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake, kwa matakwa yake mwenyewe, yalichanganywa na plastiki na kufinyangwa kuwa visahani.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote: kwa nini kisahani hakiendi moja kwa moja?

Chukua mtu wa mkono wa kulia anayevuta kisahani kupita kifuani na kukiachia mbele. Ukikitazama kutoka juu, kinazunguka kufuata mishale ya saa. Mwanzoni, kasi ikiwa kubwa, kinaweza kunyooka au kulalia kulia kidogo. Kasi inapopungua, kinainamia kushoto na kutua huko. Sababu ni kwamba hewa haikiinui katikati kabisa. Kinapopungua mwendo, nguvu ya kuinua huwa mbele ya kitovu, inajaribu kunyanyua pua. Lakini kitu kinachozunguka kwa kasi hakiitikii pale kinaposukumwa. Huitikia robo ya mzunguko mbele yake. Msukumo wa puani hujitokeza ubavuni kulia, ubavu wa kulia unapanda, wa kushoto unashuka, na kisahani kinakata kona. Mwenye mkono wa kushoto hupata kona ya upande wa pili. Kwa hiyo njia inayomtesa mmoja kati ya mikongo na migunga humfungukia mwenzake, na mpangaji wa uwanja mwenye busara huzichanganya njia za aina zote mbili.

Ni kwa sababu hiyo begi huwa na visahani vingi. Vya masafa marefu vina ukingo mkali unaopasua hewa, vya kumalizia vina ukingo mnene wa mviringo na huenda polepole. Kwa kanuni za PDGA kisahani hakizidi gramu 200, na kipenyo chake hakipungui sentimita 21.

Upepo hubadilisha hesabu yote. Ukivuma usoni, kisahani huiona hewa ikija kwa kasi zaidi, kwa hiyo hutenda kama kimerushwa kwa nguvu kuliko ulivyokirusha: kinapanda na kulalia kulia. Ukivuma mgongoni, kinapoteza kinachokiinua na kushuka mapema. Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno lake. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na kisahani kile kile hukata kona mapema kuliko Tanga mjini. Anayecheza Misima wakati kusi inavuma atajifunza haraka kutumia vigogo kama ngao, kurusha chini chini, kupitia chini ya matawi, badala ya kupanda juu yake.

Rekodi ya umbali ni mita 338, zaidi ya urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Iliwekwa Machi 2016 na David Wiggins Mdogo kwenye jangwa la Nevada, akisaidiwa na upepo mkali. Mimi lakini huona mrusho wa James Conrad mwaka 2021 kuwa mkubwa zaidi. Yalikuwa mashindano ya dunia huko Ogden, Utah. Kikapu cha mwisho, Conrad yuko nyuma kwa mrusho mmoja dhidi ya Paul McBeth, ambaye kisahani chake tayari kilikuwa karibu na kikapu. Akiwa umbali wa mita 75 hivi alirusha, na kisahani kikaenda kugonga minyororo na kukaa. Walilingana, wakaenda kikapu cha ziada, Conrad akatwaa ubingwa.

Je, wajua kwamba kanuni zinamfikiria nyoka? Kisahani kikitua karibu na nyuki, siafu au mnyama wa kudhuru, mchezaji ana ruhusa ya kusogea nyuma bila kuongezewa mrusho. Gofu ya mpira ina kanuni ya namna hiyo hiyo, na Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake zamani: kwenye klabu ya Jinja, Uganda, kanuni ya mahali ilimruhusu mchezaji kuutoa mpira uliozama kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu. Kwa mimea hakuna huruma hiyo. Kisahani kikitua kwenye upupu, ambao wa mapori ya Tanga wanaujua vizuri, mchezaji achague: aingie akarushe, au asogee na akubali kuongezewa mrusho mmoja.

Kikinasa mtini, mchezaji huendelea kutoka chini ya pale kiliponasa, na kwa kawaida hakuna adhabu isipokuwa waandaaji wametangaza mapema kwamba kimo kinachozidi mita mbili kinaadhibiwa. Kikipotea, hutafutwa kwa dakika tatu tu, kisha huhesabiwa kimepotea na mrusho mmoja huongezwa. Baada ya masika, nyasi zikiwa kiunoni, dakika hizo huisha upesi. Kwa hiyo wazoefu huchagua waridi au buluu iliyokolea, na humweka mwenzao mbele aone kinapotua. Rangi ya kijani na ya udongo ni za kuepuka porini.

Kuhusu misitu ya Handeni lipo jambo ambalo mwenye shamba yeyote lazima alijue kabla ya kuchimbia kikapu cha kwanza. Wazigua wana utamaduni wa muda mrefu wa kutunza misitu ya mila: ya matambiko, ya makaburi, ya vyanzo vya maji. Watafiti wa misitu waliopita vijiji vya Handeni miaka ya 1990 waliorodhesha mamia ya misitu hiyo, mingine midogo chini ya ekari moja. Mingi ilisalimika kwa sababu wazee walikataza shoka. Humo kisahani hakina ruhusa, hata kama njia kati ya miti ni nzuri kiasi gani. Mpaka wake uulizwe kwa wazee wa kijiji, utiwe alama, na uwanja upinde kuuzunguka.

Na hata kwenye pori la kawaida mchezo una madhara yake. Udongo wa mahali pa kuanzia na wa kuzunguka kikapu hushindiliwa na miguu, mvua ikinyesha hutiririka badala ya kuzama, na magome ya miti iliyo mstari wa mbele huchubuliwa na visahani. Dawa zake zinajulikana: kikapu kiwe na sehemu mbili au tatu za kuhamishiwa, ardhi ifunikwe kwa vipande vya mbao, na miti michanga isiachwe mbele ya mahali pa kuanzia. Mwenye uwanja wa binafsi ana nafasi nzuri ya kuyafanya haya, maana anaweza kuufunga uwanja wakati wa mvua bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwisho, vifaa. Kikapu ni bomba, pete mbili za chuma, minyororo na wavu wa nondo nyembamba, na ukingo wake huwa karibu sentimita 82 kutoka ardhini. Fundi wa kuchomelea wa Korogwe hashindwi. Lakini kanuni zinaruhusu pia shabaha isiyo kikapu, yaani mti wenyewe, mradi sehemu ya kugongwa imewekewa alama.

Hapo Korogwe ina alama yake tayari: mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai Tanga. Kutokana na hiyo yalikuja mashamba ya Ngombezi, Magoma, Hale na mengine, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Mkonge umeshaingia kwenye michezo ya kulenga shabaha: vibao vya mchezo wa vishale vinavyotundikwa kwenye baa za Uingereza hutengenezwa kwa nyuzi zake zilizobanwa, kwa sababu kishale kikichomolewa tundu hujifumba. Kamba ya katani ikizungushwa mara mbili kwenye kigogo cha mkongo, moja juu na moja chini, kati yake ndiyo shabaha. Gome halitobolewi msumari, na kamba ikichakaa hufungwa nyingine.