Mingazi ikikuja kijijini: ile "pori ya bure" ni ya nani?

Katika vijiji vyetu vya mashariki, mungazi (wengine wanauita muchikichi) si mugeni. Kutoka Fizi mupaka Beni, kutoka Maniema mupaka Tshopo, mawese inapika sombe, na bido ya mawese inalipa minervali ya watoto. Shida haiko ku muti wenyewe. Shida inaanza siku mutu anafika kuomba hektari mia mbili ao elfu moja, na wakubwa wa kijiji wanamujibu: "Kule hakuna mutu, ni pori ya bure."

Je, ni ya bure kweli?

Mukulima wetu halimi mahali pamoja siku zote. Anapanda muhogo, mahindi, muchele ao ndizi miaka miwili, mitatu, kisha anaacha shamba lipumzike. Miti inarudi, majani yanaoza, udongo unapata nguvu tena. Miaka ikipita, yeye ao mutoto wake anarudi palepale. Njo maana familia yenye shamba moja linalozaa iko na mengine yanayopumzika, na mugeni anayaona kama pori tupu. Ile njo akiba ya familia.

Mu pori hiyo munatoka pia kuni, uyoga, viwavi, dawa, fito za nyumba na samaki wa kijito. Kazi nyingi ya kuvitafuta ni ya wamama, na haiandikwe mu karatasi yoyote. Akiba hiyo ikikatwa, watu wanabanana ku udongo uliobaki: shamba linapumzika muda mufupi, muhogo unakuwa mudogo, na ugomvi wa mipaka na majirani unaanza.

Mungazi unakaa muda gani?

Shamba la kisasa linapandwa kwa nafasi ya metre 9, karibu miti 143 kwa hektari moja. Miaka mitatu ya kwanza unaweza kuchanganya maharagi ao karanga katikati. Kisha kivuli kinafunga, na chakula hakipandwe tena pale. Mungazi unaanza kuzaa ku mwaka wa 3 ao wa 4, na unaendelea mupaka karibu miaka 25. Mutoto aliyezaliwa siku ya kutia kidole atakuwa mutu muzima mbele ardhi ile irudi, kama itarudi.

Tena, mangazi yakikatwa yanapaswa kupikwa kisha siku moja ao mbili, bila hivyo mawese inakuwa kali. Mwenye kuwa na mangazi tu, bila shamba la chakula, na usine ni moja tu karibu yake, atauzisha kwa bei ya usine.

Funzo la Lokutu

Mu Tshopo, kando ya muto Kongo, kuko Lokutu. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimupatia Lever, mufanyabiashara wa Uingereza, ruhusa ya kuchagua udongo mupaka hektari 750 000 mu Kongo. Lokutu, iliyoitwa wakati ule Elisabetha, ilikuwa moja ya vituo vyake. Sosiete ikakuwa ya Unilever. Mwaka 2009 ikauzishwa kwa Feronia. Feronia ikaanguka mwaka 2020, na mashamba yakapata wenyewe wengine. Konsesio zake tatu, Lokutu, Boteka na Yaligimba, zinapita hektari 100 000, lakini sehemu kubwa haikupandwa mingazi.

Mu Novemba 2018, jamii 9 zilipeleka malalamiko Ujerumani, kwa benki DEG iliyokopesha sosiete hiyo, juu ya ardhi ya wazee wao. Sosiete ilibadilisha wenyewe mara nyingi, lakini swali la wakaaji lilipita miaka mia moja.

Sheria inasema nini?

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliweka udongo wote mikononi mwa serikali, hata ule wakaaji wanaoishi na kulima. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki zao. Makumi ya miaka yakapita bila amri ile kutoka. Lakini sheria hiyohiyo, vifungu vya 193 na 194, inalazimisha uchunguzi mbele ya kutoa udongo wa kijijini: kuhesabu watu wanaoutumia, kuandika misitu, vijito na njia, na kusikiliza malalamiko, hata ya mudomo. Gavana anaishia ku hektari 200. Kuanzia 2 000, inaombwa sheria ya Bunge. Shefu wa kijiji hawezi kutoa konsesio peke yake.

Kuko pia dekre ya 2 Agosti 2014: jamii inaweza kuomba musitu wake wenyewe, mupaka hektari 50 000, bila mwisho wa miaka.

Mbele ya kutia kidole, muulize:

- Mipaka ni wapi? Muitembee kwa miguu, pamoja na wazee, wamama, vijana na Wambuti.
- Mashamba yanayopumzika yameandikwa?
- Ni miaka ngapi, na sosiete ikiuzisha, ahadi zinabaki?
- Masomo, barabara na dispansere zimeandikwa na tarehe, ao ni maneno tu?
- Muhogo wa mwaka wa kumi tutaupanda wapi?

Swali hili la mwisho likikosa jibu, musitie kidole kwanza. Muombe kopi ya karatasi, muisomeshe kwa mutu munayemuamini, kisha mukae tena kijiji kizima.