Je, Wajua? Nyangi, Shujaa Aliyetangulia Wakati Wake

Mwaka 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wa pande tatu, yaani wenye mandhari yanayoonyesha urefu, upana na kina, ambamo mchezaji humwongoza mwanamke aitwaye Nyangi katika kutafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Kuwa na shujaa wa kike Mwafrika kulikuwa jambo adimu mno wakati huo, na kwa sababu hiyo pekee mchezo huo ulistahili wanunuzi wengi kuliko uliowapata.

Kikwazo kikubwa, pengine kuliko kasoro zozote za picha zake, kilikuwa njia ya kuufikisha kwa mchezaji na kupokea malipo. M-Pesa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza Kenya mwaka huohuo, ilhali mkongo wa SEACOM, yaani nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Hivyo kijana wa Msalato, kandokando ya barabara ya Dodoma kwenda Arusha, hata kama angesikia habari za mchezo huo, asingeweza kuupakua kwa urahisi wala kuulipia kwa simu. Mwaka huo wa 2009 Kirinya aliungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, kampuni iliyogeukia michezo ya simu na vitabu vya katuni kuhusu mashujaa wa Kiafrika.