Zuo za kale, na juzuu iliyonirudia mkononi

Kila mtu na lake limpumbazalo. Wako wafugao njiwa, wako wakusanyao stempu, na wako walio radhi kukesha baharini na mshipi ilhali samaki wamejaa sokoni. Mimi lililonipumbaza ni vyuo vya kale. Kwa msomaji wa bara yafaa nieleze kwamba sisi Waamu tukisema chuo hatukusudii Makerere wala chuo cha ualimu. Chuo ni kitabu, na vikiwa vingi twaviita zuo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikivitafuta, nikivipima, nikivinunua na, nisifiche, nikiviuza. Si kazi ya kunilisha, maana riziki yangu imo katika kalamu. Lakini mtu hawi mteja wa kitu muda wote huo asionje na faida yake.

Lililonitia hamu ya kuandika leo limeletwa na mpwa wangu akaaye Mombasa. Naye ana maradhi kama yangu, ila yake ni ya magazeti ya hadithi za picha. Anayo ya Lance Spearman, yule mpelelezi mwenye kofia na tai ya kipepeo ambaye katika jarida la African Film alichezwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisomwa kutoka Lagos hadi Nairobi. Anazo Pichadithi za Terry Hirst za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Abunuwasi wa Gado aliyetoka mwaka 1996. Anavyo hata vipande vya Juha Kalulu wa Edward Gitau alivyovikata gazetini na kuvibandika daftarini.

Spear namjua vyema. Alipotufikia Lamu alikwisha pita mikono mingi, hana gamba wala ukurasa wa mwisho, na mwenye kosa hatumjui mpaka leo. Nilimficha chini ya mkeka chuoni, mwalimu akamgundua. Watu hudhani alimchana. La! Alikaa akatazama picha zote moja baada ya moja hadi pale zilipokatikia, kisha ndipo akanichapa.

Basi mpwa wangu alinieleza kuwa huko Marekani magazeti haya hupewa maksi kama mtoto wa shule, toka chini ya moja hadi kumi, na likishapewa hutiwa ndani ya plastiki ngumu lisiguswe tena. Gazeti liitwalo Action Comics, toleo la kwanza la mwezi Juni 1938, ndilo lililomtoa Superman, na bei yake siku hiyo ilikuwa senti kumi za dola. Mwezi Aprili 2024 nakala moja yenye maksi nane na nusu iliuzwa mnadani kwa dola milioni sita. Nilimwambia, "Na likishatiwa plastiki husomwa vipi?" Akacheka. "Mjomba, halisomwi."

Nilimjibu kwamba sisi nasi tulikuwa na maksi zetu kabla ya Superman kuzaliwa, ila hatukuziandika. Mimi vyuo nimevigawa mafungu matatu: timamu, mnyonge na gofu. Timamu ni kile chenye gamba lake, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Mnyonge amepungua hapa na pale lakini asimama. Gofu ni kama zile nyumba za Pate na Takwa, kuta zipo, wenyewe hawapo.

Kupima kwenyewe kuna taratibu. Kwanza ni karatasi. Uinue ukurasa uutazame kwenye jua. Ukiona miezi mitatu michanga imejipanga, mkubwa, wa kati na mdogo, jua hiyo ni karatasi ya Italia, iliyokuwa ikija pande zetu kwa njia ya Misri na Bahari ya Shamu. Pili tazama chini ya ukurasa wa kulia, penye pembe ya ndani, utakuta neno moja limeandikwa peke yake kwa mshazari. Hilo ndilo neno linaloanzia ukurasa wa pili. Wazee hawakutia nambari za kurasa, neno hilo ndilo lililokuwa mlinzi wao. Maneno yasipofuatana, pana ukurasa uliotoroka. Tatu ni tamati, pale mwandishi anapotaja jina lake, siku, mwezi na mwaka wa Hijria, na aghalabu akamwomba msomaji amwombee dua na amsamehe makosa. Nne ni gamba la ngozi, kama lile shavu lake la kukunja lililopo. Tano ni wadudu. Wako waandishi katika nchi za Kiislamu walioandika "ya Kabikaj" katika ukurasa wa mwanzo, jina wanaloamini kuwa wadudu huliogopa. Nimepata kusikia kwamba pengine wadudu huanza kula hapo hapo penye jina, lakini hayo nayaacha kwa waliyoyaona.

Na vyuo hupatikana wapi? Zamani vilikuwa katika vidaka vya nyumba za mawe, na katika masanduku ya marehemu. Mirathi ikigawanywa, dhahabu hugombewa, nyumba hugombewa, na zuo huachiwa yule asiyekuwapo. Tangu nyumba za Mji wa Kale zilipoanza kununuliwa na wageni, na zaidi baada ya Lamu kutiwa katika orodha ya urathi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mara kwa mara nimeitwa na mafundi: "Mwalimu, ndoo utazame, kuna makaratasi tumeyatoa yuu darini." Nimekwenda Matondoni, Shela, na mara nyingi kisiwani Pate, kwa mashua kupitia Mkanda mpaka Mtangawanda, kisha kwa miguu au punda, na siku hizi pikipiki.

Siyu ndiyo kilele cha wapenda zuo. Mji ule ulikuwa wa mabingwa wa kunakili misahafu, kwa wino mweusi na mwekundu na rangi ya manjano pambizoni, na umesifika hivyo hata kwa wataalamu wa mbali. Ama vyuo vilivyopigwa chapa, vinavyotafutwa sana ni majuzuu ya Qamus al-Sharia yaliyotolewa na mtambo wa Sultani Barghash kule Unguja katika miaka ya 1880, na magazeti ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, yaani Sahifa ya mwaka 1930 na al-Islah ya 1932. Mwenye al-Islah timamu namwambia aitunze, asimpigie simu mtu yeyote, hata mimi.

Mtu ataniuliza, je, si haramu? Mashekhe wa madhehebu yetu ya Kishafi wamelijadili suala la kuuza msahafu tangu zamani, na wako waliolitia katika makuruhu. Vyuo vingine biashara yake haina neno, mradi ni mali ya muuzaji. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga milango na bingwa wa khati, aliandikiwa na Wazungu kina Alice Werner na William Hichens, na Ernst Dammann alimfuata hapa hapa Lamu katika miaka ya 1936 na 1937, naye akawanakilia tenzi kwa malipo. Leo kazi ya mkono wake imo London, Hamburg na Berlin. Wako wanaomlaumu. Mimi simlaumu. Aghalabu aliuza nakala, na mwenye kuuza nakala ameuza jasho la mkono wake, hakuuza chuo cha mtu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye langu.

Mwaka 1997 mtu mmoja aliniletea juzuu ya kumi na tisa ya msahafu wa mkono, mojawapo ya juzuu thelathini ambazo husambazwa msikitini au matangani, kila mtu akasoma yake, khitma ikatimia kwa kikao kimoja. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ukubwa wake kiganja na vidole, mistari kumi na mitatu, alama za pambizoni za manjano na nyekundu, na mwandishi wake alikuwa na tabia ya kuirudisha nyuma yaa ya mwisho kama mkia wa mashua. Ukurasa wa kwanza haukuwapo. Niliiweka katika fungu la wanyonge. Juu ya ukurasa mmoja wa katikati niliona neno lililofifia, nikalisoma: wakfu. Msomaji, nililisoma. Nikajiambia huenda ni neno tu la mtoto aliyekuwa akijaribu kalamu. Siku ya tatu yake nilimuuzia mgeni aliyekuwa akipita, kwa shilingi elfu saba, na fedha hizo nikaezekea paa la jiko. Jina lake sikulishika.

Kitu kikishatiwa wakfu kimetoka mikononi mwa wanadamu. Hakiuzwi, hakipewi mtu, hakirithiwi. Hata aliyekitoa hawezi kukirudisha, na mwenye kukinunua amenunua hewa. Haya nilifundishwa nikiwa mdogo, kabla sijaota ndevu, kwa hivyo siwezi kujitetea kwa ujinga.

Sasa mwezi uliopita mpwa wangu alinijia Lamu na bahasha. Alikuwa ameanza kuchoka na Spear, akitaka kuingia katika biashara yangu. Ndani ya bahasha mlikuwa na juzuu ya saba. Alikuwa ameinunua kwa mtu mmoja Mombasa kwa shilingi elfu kumi na tano, na alikuwa na mnunuzi huko Ghuba aliyeahidi kumpa mara nne yake. Alichokitaka kwangu ni maksi tu. "Mjomba, nipimie."

Nilipoifungua moyo ulinienda mbio. Mkono ni ule ule. Mistari kumi na mitatu. Yaa yenye mkia wa mashua. Na ukurasa wa kwanza haupo, umekatwa kwa wembe, mshono ukaachwa. Katika magazeti ya mpwa wangu gamba likikosekana bei hushuka, basi. Katika zuo zetu ukurasa wa kwanza ndipo mahali pa kuandikiwa wakfu, na ukiukosa yakupasa uulize umekwenda wapi kabla ya kuuliza bei.

Tulitoka barazani nikaiinua kurasa kwa kurasa kwenye jua, vile ninavyotafuta ile miezi mitatu. Miezi ilikuwapo. Lakini juu, kila baada ya kurasa chache, palikuwa na mahali karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, pamekwanguliwa. Katika ukurasa wa mwisho mkwanguaji alichoka, au alidhani pametosha. Lilibaki neno wakfu, na nusu ya jina la msikiti, na Siyu.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba haina maksi. Akadhani namfanyia hila niipate mimi kwa bei ndogo. Tulizozana mpaka adhana ya alasiri ikatuamua. Alikuwa na neno lake, nalo si la kipuuzi: ikirudishwa Siyu italiwa na mchwa sandukuni, ilhali huko Ghuba itatiwa katika kabati lenye baridi. Nilimjibu kwamba za msikiti wa Riyadha hapa Lamu zilipigwa picha katika mradi wa Maktaba ya Uingereza, dunia nzima ikazisoma, na zenyewe hazikuondoka Lamu. Akasema, "Na elfu kumi na tano zangu?" Hapo nilinyamaza. Kisha nikamweleza habari ya mwaka 1997, jambo ambalo sikupata kumwambia mtu, hata mama watoto anayepika chini ya lile paa.

Fedha zake nilimrudishia mimi, kwa mafungu mawili. Alizipokea ila hakunitazama usoni.

Tulikwenda Siyu pamoja, siku ya Jumamosi, maji yakiwa makubwa. Mzee mwenye kuangalia msikiti alituketisha, akatutilia kahawa, akaipokea juzuu kwa mikono miwili. Aliifungua akaitazama ile yaa, akamwita mwanawe alete sanduku. Zilikuwamo juzuu ishirini na mbili, nyingine zimeliwa pembe, zote mkono mmoja. Aliisukuma ya saba mahali pake baina ya sita na nane, ikaingia sawasawa. Mpwa wangu, ambaye tangu Mtangawanda hakusema neno, alichutama karibu ya sanduku akaanza kuzitoa moja moja na kuhesabu kurasa, akitazama yale maneno ya chini kama nilivyomfunza. Alimwambia mzee kuwa zafaa kufungwa kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, maana plastiki huleta unyevu.

Mzee alikuwa na daftari la shule lenye nambari moja hadi thelathini. Akatia alama kwenye saba. Akaniuliza kama katika kuzunguka kwangu nimepata kusikia habari za zile saba zilizobaki.

Nikamwambia ya kumi na tisa niliiuza mimi.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akalisogeza daftari, akaniuliza niliiuza mwaka gani na kwa mtu wa nchi gani, nikamwambia ninayoyakumbuka, naye akayaandika kwa herufi za Kiarabu mbele ya ile nambari.