Umewekewa stenti nyuma ya goti? Dalili za kutongoja hadi kesho

Ukiishi Nyakabanda unajua kazi ya miguu: kupanda na kushuka kila siku. Ndiyo maana mguu ukiuma wengi husema ni uchovu tu. Kwa mtu aliyetibiwa aneurizimu, yaani ateri iliyotanuka kama puto nyuma ya goti, kudhani hivyo kunaweza kumfanya apoteze mguu.

Siku hizi ugonjwa huu unaweza kutibiwa bila kupasua mguu. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, kisha hupitisha stenti, kibomba cha waya kilichovikwa kitambaa, ili damu ipite ndani yake. Kidonda ni kidogo na unarudi nyumbani mapema. Lakini kila unapokunja goti, stenti nayo inakunjwa.

Tatizo kubwa ni damu kuganda na kuziba stenti. Mguu unauma ghafla, unakuwa baridi, unapauka, unakufa ganzi, au vidole havisogei. Ndani ya saa chache misuli huanza kufa. Usiukande kwa maji ya moto (mguu wenye ganzi huungua bila wewe kusikia) na usingoje foleni ya asubuhi. Piga 912 uombe gari la wagonjwa, useme wazi: "Nina stenti mguuni."

Siku za kwanza angalia pia kinena. Kuvilia damu kidogo ni kawaida. Uvimbe unaokua au unaodunda si kawaida, nenda hospitali. Damu ikitoka, lala chali, mtu apabonyeze kwa nguvu bila kuachia, na mwingine apige simu.

Matatizo mengine huja kimya. Stenti inaweza kuvunjika au kusogea, au damu ikavuja pembeni yake. Kwa kawaida haya hugunduliwa kwa altrasaundi, kwa hiyo rudi siku uliyopangiwa hata kama unatembea vizuri. Omba mguu wa pili upimwe, maana karibu nusu ya wagonjwa wana uvimbe huo miguu yote miwili. Tumbo nalo lipimwe.

Ukipewa aspirini au klopidogreli, usiache bila kumuuliza daktari, hata ukienda kung'oa jino. Dawa zikikaribia kuisha na pesa hakuna, sema kituoni mapema; kukaa kimya kwa aibu ni hatari zaidi. Na ukihamia Kigali kutoka kambini, karatasi ya hospitali inayoonyesha tarehe na aina ya stenti iwe pamoja na kadi yako ya mkimbizi.