Rubani Ajuaje Njia?

Ukisimama juu ya Mlima wa Balili, pale Bunda, asubuhi isiyo na ukungu, waona nchi pana sana. Upande wa magharibi yang'aa maji ya Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki na kusini zatandazwa mbuga zinazofika hata Serengeti. Pengine juu ya hayo yote yapita eropleni ndogo, mali ya mtu mmoja tu, imechukua watu watatu au wanne. Huko juu hakuna barabara, wala kibao cha kuonyesha njia, wala mpita njia wa kuulizwa. Basi rubani ajuaje aendako?

Kila mwenye eropleni yake hana budi kujibu swali hili kabla ya kuruka, kwa maana yeye mwenyewe ndiye achaguaye vyombo vya kumwonyesha njia. Vyombo vinavyouzwa ni vingi, na bei zake ni kubwa. Akichagua vibaya atapoteza fedha yake. Tena huenda akapoteza roho yake, na roho za wale aliowachukua.

Chombo cha kwanza ni dira. Sindano yake ni sumaku, nayo haitaki umeme wala mafuta. Walakini dira ina adui zake, yaani chuma na nyaya za umeme zilizo karibu nayo. Kwa sababu hiyo huwekwa kadi ndogo kando ya dira ya eropleni, inayoonyesha makosa yake yaliyokwisha kupimwa. Rubani akiweka simu au tochi yenye sumaku karibu na dira, kadi ile haina maana tena.

Je, kosa dogo la dira lina madhara? Na tupime. Kutoka Bunda hata Musoma, ukienda moja kwa moja kuelekea kaskazini kama kunguru arukavyo, ni yapata kilometa 60. Marubani wana kanuni moja rahisi: katika mwendo wa kilometa 60, kila digrii moja ya kosa humtoa mtu njiani yapata kilometa moja. Basi dira ikikosa kwa digrii 10, rubani atapita mbali na Musoma kwa kilometa 10. Kama kosa ni la upande wa magharibi, chini yake hataona mji, ila maji matupu.

Chombo cha pili ni saa, na cha tatu ni ramani. Eropleni iendayo kilometa 180 kwa saa hupita kilometa 3 kwa kila dakika. Kwa hiyo rubani aliyetazama saa yake alipokuwa juu ya Bunda ajua kwamba baada ya dakika 20 yampasa kuiona Musoma. Mwaka 1931 eropleni za kampuni ya Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London hata Mwanza. Siku zile hapakuwa na setilaiti hata moja angani; rubani alitegemea dira, saa, ramani na macho yake.

Baadaye watu walijenga vituo vya redio katika nchi nyingi, na eropleni zikatiwa vyombo vya kupokea mawimbi ya vituo hivyo. Chombo kimoja cha namna hiyo kina sindano inayogeukia kituo, hata katika mawingu. Ni msaada mkubwa. Lakini radi nayo hutoa mawimbi. Kukiwa na dhoruba, sindano yaweza kukiacha kituo na kuigeukia radi. Rubani asiyejua jambo hili ataongozwa na chombo chake mwenyewe mpaka katikati ya hatari.

Siku hizi chombo kipendwacho kuliko vyote ni kile cha setilaiti, kiitwacho GPS. Kazi yake yaweza kufahamika kwa mfano huu. Umeona umeme ukimulika juu ya ziwa, na baada ya kitambo wasikia ngurumo. Ukihesabu sekunde tatu kati ya umeme na ngurumo, wajua kwamba radi i mbali nawe yapata kilometa moja, kwa kuwa sauti huchukua muda kusafiri. GPS hufanya hesabu inayofanana na hiyo. Setilaiti za Marekani, ambazo hazipungui 24, huizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,000 hivi, na kila moja ina saa sahihi mno. Hutangaza wakati wake kwa mawimbi ya redio, na chombo kilichomo katika eropleni hupima muda uliopita tangu mawimbi kutoka hata kufika. Kikipokea setilaiti nne, chaweza kujua mahali kilipo na kimo chake. Mpango huu ulikamilika mwaka 1995, na tangu hapo umeokoa watu wengi wasipotee.

Hata hivyo chombo hiki nacho kina udhaifu. Mawimbi yake ni dhaifu sana yafikapo duniani, na mtu mbaya aweza kuyafunika kwa mawimbi mengine. Tena chataka umeme. Tena ramani iliyomo ndani yake huchakaa kama mkate: habari za viwanja na vituo hutolewa upya kila baada ya siku 28, na asiyezibadili hufuata habari za zamani.

Sasa fikiri kwamba rubani yuko safarini kutoka Bunda kwenda Musoma, na baada ya dakika 8 GPS yake yazimika. Mawingu ni mengi, na upepo wa mchana wavuma kutoka ziwani. Aliyezoea kutazama kioo peke yake hushikwa na hofu. Lakini aliyetazama saa ajua kwamba amekwisha kwenda kilometa 24, na zimebaki 36, yaani dakika 12. Akiifuata dira yake na kuiona Ghuba ya Mara mbele yake, wala mji hauonekani, hatapotea. Ajua kwamba upepo wa ziwani umemsukuma upande wa kulia. Basi atageuka kushoto, afuate ufuo mpaka aione Musoma.

Basi mwenye eropleni achague namna gani? Kwanza ajiulize safari zake ni za namna gani. Arukaye mchana tu, wakati wa hali njema ya hewa, hahitaji vyombo vyote vya yule apitaye mawinguni au usiku. Pili, ahakikishe kwamba dira, saa na ramani ya karatasi ni vizima, kabla ya kutamani vitu vya fahari. Tatu, anunue GPS ya kufungwa katika eropleni, na kama fedha yatosha, nyingine ndogo ya mkononi yenye betri yake. Vyombo viwili vinavyonyonya umeme wa waya mmoja ni kama chombo kimoja. Waya ukikatika, vyote viwili hufa pamoja. Nne, asinunue chombo cha kupokea vituo vya redio kabla ya kuuliza kama katika njia zake viko vituo vinavyofanya kazi. Ni kazi bure kutega sikio mahali pasipo na sauti. Tano, akumbuke uzito. Katika eropleni ndogo kila kilo ya vyombo yapunguza kilo ya mafuta, au ya dawa, au ya mizigo. Na mwisho, ajifunze kukitumia kila chombo angali chini, kwa maana angani si mahali pa kusoma kitabu cha maelezo.

Lakini kiko chombo kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni macho. Mwisho wa mwaka 1957 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Ujerumani kuja Serengeti kwa eropleni yao ndogo, iliyopakwa milia kama punda milia. Kwa eropleni hiyo waliwahesabu wanyama wa mbuga, na kazi yao yajulikana ulimwenguni kote. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligongana na bawa la eropleni ile, ikaanguka, na Michael akafa, naye alikuwa kijana wa miaka 24. Vyombo vya kuonyesha njia havimwoni tumbusi. Kwa hiyo chombo chema ni kile kinachosema upesi, kisha kumwachia rubani macho yake atazame nje.

Basi tumejifunza kwamba mwenye busara haweki tumaini lake lote katika kitu kimoja, hata kiwe kizuri namna gani. Hupima la huyu kwa la yule: dira kwa saa, saa kwa ramani, ramani kwa macho. Vikipatana, husonga mbele. Visipopatana, hujua mapema kwamba kuna kosa, naye hulitafuta angali na mafuta ya kutosha.

Maswali

1. Kwa nini si vema kuweka tochi yenye sumaku karibu na dira?
2. Eropleni yaenda kilometa 180 kwa saa. Baada ya dakika 15 imekwenda kilometa ngapi?
3. Dira ikikosa kwa digrii 4, rubani aliyetoka Bunda kwenda Musoma atapita mbali na mji kwa kilometa ngapi?
4. Vyombo viwili vyawezaje kuwa kama chombo kimoja?